Usisubiri Mtoto wa Jicho Akomae

Mama alipotimiza miaka 68 alianza kusoma Biblia bila miwani. Tulishangilia nyumba nzima. Kumbe ilikuwa dalili ya mtoto wa jicho, yaani ukungu unaojitokeza kwenye lenzi ya jicho. Lenzi ya jicho ikianza kuzeeka, kiini chake huwa kizito, na kwa muda mtu huona vya karibu vizuri huku vya mbali vikififia. Haikupita miezi mingi, akawa hamtambui jirani mpaka asikie sauti yake, na taa za magari usiku zikawa zinamtawanyikia machoni.

Kinachoniuma ni miaka miwili tuliyopoteza baada ya hapo. Kila tuliyemuuliza, hata mhudumu mmoja wa afya, alisema tungoje mtoto wa jicho akomae ndipo mama afanyiwe upasuaji. Huo ni ushauri wa zamani. Siku hizi daktari wa macho huuliza kama ukungu unakuzuia kufanya shughuli zako. Lenzi ikiachwa mno huwa ngumu kuitoa, na wakati mwingine huvimba na kupandisha presha ya jicho. Presha hiyo ikishaharibu mshipa wa fahamu wa jicho, uoni uliopotea haurudi.

Shangazi alileta matone ya mitishamba, na namshukuru Mungu mama aliyakataa. Ute wa yai ukishapikwa haurudi kuwa maji; protini za lenzi zilizoganda ni vivyo hivyo. Hakuna tone wala asali inayozisafisha. Dawa ni kuitoa lenzi na kuweka ya bandia, ambayo hukaa maisha yote.

Walimpima sukari, presha ya damu, kisha jicho lenyewe ili wajue nguvu ya lenzi inayomfaa. Akapigwa ganzi, na haikufika nusu saa akatoka akiwa amefungwa jicho moja. Kesho yake walipomfungua, alifumba hili akafumbua lile, akitazama shuka la kitanda. Jicho lililopasuliwa liliona nyeupe. Lile jingine liliona rangi ya chai. Akauliza siku hiyo hiyo lini watamfanyia la pili.

Nyumbani kazi ni matone ya dawa kwa wiki kadhaa, bila kuruka hata siku moja, na kutosugua jicho. Likianza kuuma, kuwa jekundu au kuona kukipungua, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.