Kifaranga akipiga msamba, usimtupe kwanza

Alitoka kwenye yai siku ya 21 kama wenzake. Kesho yake nikamkuta kapiga msamba katikati ya boksi, mguu mmoja mashariki, mwingine magharibi, tumbo chini. Jirani alichungulia, akasema, "Shoga, huyo mpe paka tu."

Kosa lilikuwa langu. Nilitandika magazeti kwa uvivu wa kusafisha. Gazeti linateleza, kifaranga akijisukuma ainuke, miguu inatanuka, na kadiri anavyokaa hivyo ndivyo inavyozoea. Niliyaondoa palepale nikatandika taulo kuukuu.

Kisha nikamtia pingu. Chukua plasta ya kidonda, ile yenye kitambaa katikati, uipasue kwa urefu iwe nyembamba. Zungushia kila ncha kwenye mguu, juu ya vidole, kitambaa kibaki katikati. Acha nafasi ya kama sentimita 2 na nusu, asimame kama wenzake. Uzi usitumie, unazuia damu. Mimi mara ya kwanza niliisogeza miguu karibu mno, kila akiinuka anaanguka kifudifudi. Nikafungua, nikaanza upya.

Siku ya kwanza inatia huruma. Hafiki kwenye maji, na wenzake wanamkanyaga na kumdonoa. Mtenge, ila awasikie na apate joto lilelile. Mimi nilimwekea maji kwenye kifuniko cha chupa chenye kokoto asizame, nikawa namchovya mdomo kila nikipita. Plasta ibadilishe kila baada ya siku mbili, maana mguu unanenepa upesi. Wangu siku ya tano alitembea bila pingu.

Anza mapema, siku zilezile za mwanzo. Mifupa ikishakomaa unajisumbua bure. Na si kila mguu mbovu ni msamba. Vidole vikijikunja kama ngumi, mara nyingi ni upungufu wa vitamini B2, kwa hiyo tafuta vitamini za kuku za kuchanganya na maji. Goti likivimba na mguu ukapinda upande, huenda kano imechomoka mahali pake. Wa namna hiyo nilimchinja, sikuona sababu ya kumtesa. Kuku wa miezi miwili au mitatu akilala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, achana na plasta, umwite mtaalamu wa mifugo, yaweza kuwa Mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku. Huo hauna tiba, na chanjo yake huchomwa siku ya kwanza.

Wangu sasa ni tetea. Akikimbilia pumba, mguu wa kushoto bado unachepuka kidogo.