Jibu: Usukani wa Land Cruiser 80 unatetemeka baada ya gari kuinuliwa

Jambo kaka. Nimeelewa: umeiinua sentimita 5 hapo Goma, sasa usukani unatetemeka ukifika kilomita 60 kwa saa, na kubalansi matairi hakujasaidia.

Inua gurudumu moja la mbele, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za nakoli, pale gurudumu linapokatia kona. Kwangu zilikuwa hizo za pili: mawe ya volkano njia ya Sake yalishazimaliza, na grisi ilikuwa imegeuka uji kwa sababu seali ya ndani ilivujisha oili ya difu (gia za katikati ya ekseli). Badilisha seali na beringi pamoja, nakuomba, usifanye nusu kazi.

Halafu mtu azungushe usukani injini ikiwaka, wewe angalia kama zinacheza bushi (mipira ya kwenye maungio) za fimbo ya panadi, ile inayozuia ekseli kusogea kando.

Kama gari inayumba pia na usukani haujirudishi, kuinua kumepunguza pembe ya kasta, yaani mlalo wa nakoli kuelekea nyuma unaorudisha usukani katikati. Mimi nilifunga bushi zenye tundu la pembeni kwenye mikono ya mbele inayoshika ekseli, ili kurekebisha pembe hiyo, ikatulia. Kuchomelea mikono upya sijajaribu. Shokomzoba mpya ya usukani usinunue kwanza, itaficha ugonjwa tu.