Mtoto wa miaka 2 haongei: kabla hujamkata udata, soma haya

Dada, umesema mwanao ana miaka 2 na miezi 3, maneno yake ni "mama", "uji" na "toka" tu, na majirani wanakushauri akakatwe udata, yaani ule utando wa chini ya ulimi. Nikusimulie ya kwangu.

Wangu alikuwa hivyohivyo. Mimi na baba yake tulikuwa tunatoka alfajiri na kurudi usiku. Binti wa kazi ni mpole, mchapakazi, ila mkimya, na akiwa jikoni alimpa mtoto simu aangalie katuni. Mtoto akajua kuhesabu Kiingereza, wani mpaka teni, lakini akitaka maji ananishika mkono na kunivuta hadi kwenye ndoo. Hapo ndipo niliposhtuka.

Hospitali walianza na masikio, na wewe naomba usiliruke hilo. Mtoto aliyewahi kutoka usaha sikioni anaweza kuwa anasikia nusunusu na msijue. Wangu alikuwa anasikia vizuri. Kuhusu udata, daktari alinieleza kwamba unaweza kusumbua kunyonya, pengine na matamshi ya sauti fulani, lakini haumzuii mtoto kuanza kuongea.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Lushoto, akakaa nasi miezi minne. Akichambua mchele anamwita mtoto kwenye ungo: "Hili jiwe, tulitupe. Na hili je?" Halafu ananyamaza, anamsubiri. Anasubiri kweli, hata mimi nilikuwa nataka kumjibia. Mtoto akisema "gali anguka", bibi hamwambii amekosea. Anamjibu: "Ee, gari lako limeanguka! Limeangukia wapi?" Ilinichukua siku nyingi kuelewa anachofanya. Mtoto anatoa shina tupu la neno, bibi anamrudishia likiwa na viambishi vyake vyote, humohumo kwenye maongezi. Baada ya wiki kadhaa "anguka" ikawa "meanguka", kisha "limeanguka". Kisambaa alichomchanganyia hakikumchelewesha hata kidogo.

Baadaye nilisoma utafiti wa Patricia Kuhl wa mwaka 2003 kule Marekani. Watoto wa miezi 9 waliochezewa na mtu anayeongea Kichina walizishika sauti za lugha hiyo. Waliowekewa Kichina hichohicho kwenye video hawakushika kitu. Nikakumbuka zile wani, tuu, thrii.

Kama nawe una binti wa kazi, usimlaumu. Mimi sikuwahi kumwambia wangu kwamba kuongea na mtoto ni sehemu ya kazi yake. Nilimsisitizia usafi na chakula tu. Nilipomwambia, akawa anakwenda naye gengeni, anamtajia nyanya, vitunguu, bamia, na anamwachia yeye aombe.

Ila kama mwanao hageuki ukimwita jina, au hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, usisubiri. Nenda kliniki wiki hii na uwaambie hivyohivyo.