Mwanangu, uliuliza kwanini nilikuficha

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu, nikataka kukujibu kwa voisi nikajikuta nalia nikafuta, kwaiyo naandika taratibu, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari na miwani yangu unaijua ilivyo. Umeuliza mambo mawili, kwanini nilikuficha kama naumwa mpaka ukaja kusikia kwa shangazi yako nishalazwa, na je uache kazi huko Dodoma urudi Tanga umwangalie baba yako. Hilo la pili jibu lake ni hapana, usithubutu. La kwanza ndo refu.

Sikukaa nikapanga kukuficha mama. Nyumba hii tangu baba yako apate kiharusi ina mgonjwa mmoja, na nafasi ya mgonjwa ishajaa. Mtu akipiga simu anauliza mzee anaendeleaje, na wewe unauliza hivohivo, wala sikulaumu, maana hata mie nikiulizwa umeamkaje najibu habari zake, kalala vizuri, uji kala nusu bakuli, choo kapata. Miaka miwili na miezi minne najibu hivo. Ukishazoea, mwili wako mwenyewe unausikia kama redio ya jirani, unajua inaongea ila husikilizi inasema nini.

Kilichoanza ni mgongo. Baba yako ana kilo 80 na kitu, mie 58, na lazima ageuzwe kila masaa mawili asije akaota vidonda vya kulala, hapo hujamtoa kitandani kumweka kwenye kiti, hujamwogesha. Nikaenda duka la dawa nikanunua diklo, ikanipoza, nikarudi tena, ikawa asubuhi moja jioni moja miezi mitano nazitafuna kama njugu na hakuna aliyeniuliza bibi una presha wewe? Na presha ninayo tangu 2019, unajua. Nilikuwa na dawa mbili, losatani na ile ya kukojoa. Ile ya kukojoa niliiacha kwa akili yangu mwenyewe. Utaninyamazia tu hapa. Unamlisha mtu ambaye ukiondoka katikati ya kijiko anaweza kupaliwa, alafu kila robo saa unakimbilia chooni, nikaona bora niiache kwanza nitarudia mambo yakitulia. Mambo gani sasa yatatulia, hata sijui nilikuwa nasubiri nini.

Siku yenyewe ilikuwa saa nane usiku. Nimeamka kumgeuza, nimeshamshika bega na nyonga, nikaona chumba chote kinazunguka, kichwa kama kimefungwa kamba, nikakaa pembeni ya kitanda naona taa ina ukungu. Baba yako, unajua neno lake ni moja tu lililobaki, kila kitu "kesho", chai kesho, maumivu kesho, akimuona mjukuu wake kesho. Ile damu iliganda upande wa kushoto wa ubongo ndo maana mkono wa kulia na maneno vikaenda pamoja. Basi akaanza, kesho, kesho, kesho, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa bandarini anaita watu, na mkono wa kushoto anagonga chuma cha kitanda kwa kile kikombe cha plastiki mpaka mpangaji wa chumba cha uani akaamka. Ndo akanipeleka hospitali na bodaboda. Kwaiyo kama unataka kujua nani alinisaidia, ni baba yako, aliyelala.

Presha walikuta 204 kwa 118. Nesi akapima tena akidhani mashine. Asubuhi daktari akauliza dawa zote ninazomeza nikamtajia, nilipofika kwenye diklo akaweka kalamu chini. Anasema dawa ya maumivu ya namna ile inapandisha presha, na ukiichanganya na losatani ni mzigo kwa figo, na kweli kipimo cha figo kilikuja kibaya. Akaisimamisha diklo saa ileile, losatani nayo ikawekwa pembeni kwanza mpaka figo zipimwe tena, akanipa amlodipini, na mgongo akasema panado na kubadilisha namna ninavyomnyanyua mzee. Mwezi uliofuata figo zilikuwa zimerudi vizuri, alhamdulillah, hilo nakwambia mapema usije ukakosa usingizi. Miguu inavimba jioni, nimemuuliza, kasema ni tabia ya hiyo amlodipini na ikizidi nirudi.

Sasa nikwambie kitu ambacho shangazi yako hakukwambia kwa sababu hakijui. Zile siku tatu wodini nilifurahi. Nililala. Kuna mtu alinifunika shuka mie, kuna mtu alikuja kuniuliza mie nimekula. Siku ya tatu waliposema naruhusiwa nilisikia moyo umeshuka, nikajiona mwanamke mbaya, na kuna usiku kabla ya hapo nilishamuomba Mungu jambo juu ya baba yako ambalo sitaliandika kwenye simu. Nilimwambia nesi mmoja mtu mzima, akanambia mama, wote wanaouguza wanasema hivo, ni wewe tu umesema kwa sauti. Sijui kama ni kweli wote. Ila nilipata pumzi.

Na nyumbani huku nyuma ilikuwa vurugu. Shangazi yako kampa chai ya rangi amelala chali, kapaliwa karibu azimie. Mdogo wako kataka kumkalisha kamvuta kwa ule mkono wa kulia, mkono uliopooza hauvutwi mwanangu, bega linachomoka, wiki nzima baba yako alikuwa analia ukimgusa. Pampasi kavalishwa kinyume. Nilipofika nikataka kufoka alafu nikajiuliza, nani alishawahi kuwaonyesha? Mie. Mie ndo sikuwaonyesha. Mtu akija kusaidia nilikuwa namwambia acha utamuumiza, we kaa. Nilikuwa najisifu, nikisikia watu wanasema yule mama bila yeye mzee angeshaondoka, nilikuwa napenda kuisikia, Mungu anisamehe, kumbe nilikuwa namweka mume wangu juu ya mti wenye tawi moja.

Ndo nikanunua daftari, lile la kurasa 96 la watoto wa shule. Limening'inizwa na uzi mlangoni mwa chumba chake. Ukurasa wa kwanza dawa zake na saa zake. Wa pili kula, akalishwe wima, uji uwe mzito, chai asipewe bila kuchanganywa na kitu cha kuifanya nzito, kijiko kidogo upande wa kushoto wa mdomo, na asilazwe mpaka nusu saa ipite. Wa tatu kumgeuza, na hapo nimechora, ukichoka kucheka utanambia, nimechora baba yako kama muhogo. Shuka moja linakunjwa linawekwa chini yake kuanzia mabegani mpaka mapajani, watu wawili kila mtu upande wake wanashika shuka, magoti yanakunjwa, wanavuta shuka siyo mtu. Yule kijana wa mazoezi pale hospitali ndo alinifundisha, dakika kumi tu, miaka miwili nimeuvunja mgongo kwa kitu cha dakika kumi. Ukurasa wa mwisho ni dawa zangu. Wa mwisho lakini upo.

Wageni nao nimewabadilishia utaratibu. Unajua watu wetu, wanakuja kumuona mgonjwa, wanasema pole, wanakunywa chai na vitumbua, wanasimulia nani kafa, wanaondoka wameniachia vikombe. Sasa anayekuja simpi chai kwanza, nampa mguu. Nyoosha hapa, kunja hapa, mara kumi, alafu chai. Wengine hawajarudi tena. Sawa tu. Mama wa nyumba ya pili anakuja kila Jumanne asubuhi anakaa na daftari, mie naenda kliniki yangu. Zamani kliniki nilikuwa naikosa kwa sababu iligongana na mazoezi ya baba yako, na ya kwake ndo ilikuwa inashinda siku zote.

Mdogo wako hapo nilimlea vibaya nakubali, nilimlea anajua kuuguza ni kazi ya wanawake. Nilimwambia waziwazi, mie nikidondoka huyu ni wako, msichana wa kazi hawezi kumvua baba yako nguo na wewe upo mjini unaendesha bajaji. Alinuna wiki mbili. Sasa Jumamosi na Jumatano anakuja kumwogesha na kumnyoa ndevu, na unajua baba yako alivyokuwa na ndevu zake, juzi kamnyoa kajisahau kaacha kipande cha kushoto, mzee kajitazama kwenye kioo kasema "kesho" kwa hasira, tukacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka na nusu ya mdomo.

Kwanini usiache kazi. Kwanza kadi za bima yangu na ya baba yako zimepita kwenye kazi yako hiyo, ukiacha na zenyewe zinaondoka, tutalipa nini, maembe? Pili hela unayotuma kwa simu kila mwezi ndo pampasi na ndo posho ya yule kijana wa kutoka Muheza anayelala hapa tangu nitoke hospitali, usiku anaamka yeye saa sita na saa nane, mie saa kumi tu. Tatu, ukija wewe nitafanya vilevile nilivyofanya, nitakuachia yote au nitakunyang'anya yote, na wewe nawe ni kama mie, utameza diklo kimyakimya.

Ninachotaka ni hiki. Likizo yako ya mwezi wa 12 usiipeleke Zanzibar mwaka huu, njoo wiki mbili, ujifunze daftari lote kwa mikono yako, mie niende Pangani kwa dada yangu nikalale. Na ukipiga simu jioni, kabla hujauliza baba, uliza mama umemeza dawa, presha ngapi. Nitakuwa mkali siku mbili tatu za mwanzo, usijali, uliza tu. Leo asubuhi ilikuwa 138 kwa 86. Waliniambia ikifika 180 kwa 120, na kichwa kinauma au kifua kinabana au naona ukungu, hiyo siyo ya kusubiri kuche, na mpangaji wa uani na namba ya mdogo wako vyote vimeandikwa kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Kile kipimo ulichotuma napima nikiwa nimekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda cha baba yako, nakaa kwanza dakika tano bila kuongea kama walivyonifundisha, mkono nauweka kwenye mto, na kitufe anabonyeza yeye kwa kidole cha kushoto. Hiyo ni kazi yake, hataki mtu mwingine aiguse, kijana wa Muheza alijaribu kubonyeza siku moja akapigwa kikombe. Namba zikitokea anazitazama muda mrefu kabisa alafu ndo ananiangalia.

Ukija basi njoo na betri zake, zile ndogo nne. Za dukani huku haziishi wiki mbili.

Mama yako