Jibu: Rimu na matairi ya Altezza ya gia za mkono

Mkuu, umeuliza uvae nini kwenye Altezza yako, hiyo Toyota ya gia sita za mkono, ya kwendea kazini hapa Mtwara mjini na mbio za magari za mita 400 siku zikitokea, na naona moyo wako uko kwenye rimu za inchi 18. Achana nazo. Kwenye gia za mkono ukiachia klachi ghafla, kishindo chote kinafika kwenye tairi mara moja. Tairi la rimu kubwa hivyo lina ukuta mfupi, yaani ubavu wa mpira; litazunguka bure, na likishika, kinachokatika ni shafti au difu (gia za kugawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma). Ukuta mrefu unajikunja kwanza, unameza kile kishindo.

Mimi ningevaa inchi 16: 225/50 nyuma, 205/55 mbele (namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni ukuta kwa asilimia ya upana huo). Kimo ni karibu sawa, kwa hiyo spidi mita haikudanganyi. Rimu iwe ya nati 5 kwa 114.3, yaani nati tano kwenye duara la milimita 114.3, upana inchi 7, tundu la kati lisipungue milimita 60.1.

Matairi laini ya mashindano usiyaache kwenye gari baada ya mbio. Mvua ya Januari ikikukuta njia ya Mikindani, utajikuta unatazama ulikotoka.

Na mitumba angalia ubavuni! Nilinunua moja lina kashata (meno ya tairi) safi kabisa, kumbe limeandikwa 2311: wiki ya 23, mwaka 2011. Gumu kama kifuu.

Siku ya mbio shusha upepo wa matairi ya nyuma hadi psi 24 hivi. Ukimaliza, rudisha ule wa kwenye kibandiko cha mlangoni kabla hujashika barabara ya Mingoyo.