Kilomita za angani hazikufikishi

Swali lenu la wiki hii, "Umbali kati ya miji miwili tuuhesabu kwa ndege au kwa barabara?", nalijibu hivi: uhesabuni kwa njia zote mbili, kisha mgawanye.

Ile namba fupi, umbali wa angani, ni mstari uliopigwa juu ya tufe la dunia bila kujali mlima wala bahari. Hata rubani haufuati sawasawa, maana hupangiwa njia, hukwepa dhoruba na hungoja zamu ya kutua. Chukua kilomita za barabara, zigawe kwa hizo za angani. Kwenye tambarare yenye barabara nyingi jibu huwa 1.2 hadi 1.4 hivi. Likikaribia 2, jua kuna kitu kimekaa katikati.

Tazameni Santiago ya Chile na Mendoza ya Argentina. Angani ni kama kilomita 180, barabarani takriban 360, kwa sababu Milima ya Andes imewatenganisha. Barabara hupanda hadi handaki la Cristo Redentor, mita kama 3,200 juu ya usawa wa bahari. Upande wa Chile ni kona juu ya kona, malori yakijikongoja kwa gia nzito na foleni ikirefuka nyuma yao. Bado ukaguzi wa mpakani. Basi hutumia saa sita, saba, pengine zaidi, na theluji ya Julai ikizidi njia hufungwa kabisa. Ndege hukatiza hapo chini ya saa moja. (Brazzaville na Kinshasa ni kioja kingine: zinatazamana ng'ambo na ng'ambo ya Mto Kongo, lakini daraja hakuna.)

Ndege nayo isituhadae. Muda wa ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inapoegeshwa mji wa pili. Safari ya kwenda uwanjani, foleni ya ukaguzi, kungoja mizigo, teksi ya kuingia mjini, vyote hivyo ni juu yako. Mimi huvitengea saa tatu au nne kabla sijahesabu hata dakika moja ya kuruka. Kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa, gari lililotoka nawe nyumbani limekwishakata kilomita 240 hadi 320. Kwa hiyo chini ya kilomita 300 sipandi ndege, labda Andes iwe njiani.

Kwenye safari ndefu kuna na upepo. London na New York zimeachana zaidi ya kilomita 5,500, kwenda na kurudi zilezile, lakini kuelekea New York ni kama saa nane na kurudi ni kama saba, kwani huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Na saa za kwenye tiketi msizitoe moja kwa nyingine: ya kuondoka ni ya mji wa kwanza, ya kufika ni ya mji wa pili.