Shangazi, nawapenda fisi, na mjomba wangu amewaua

Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 23, nasoma usimamizi wa wanyamapori Morogoro, mwaka wa mwisho. Kwetu ni Iringa, upande wa Pawaga, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu utoto nimevutwa na wanyama walao nyama: simba, chui, mbwa mwitu, na zaidi ya wote fisi. Wakilia usiku mimi hukaa macho kwa furaha. Bibi anasema fisi ni mnyama wa wachawi na atanikosesha mume. Mwezi uliopita fisi waliingia kwenye zizi la mjomba, aliyenilea na kuuza mbuzi wake ili nisome, wakaua mbuzi saba. Mjomba akapaka mzoga mmoja dawa ya wadudu ya shambani. Wakafa fisi watatu na tai wengi. Nje ya familia hakuna anayejua. Mimi naandaa utafiti wangu kuhusu fisi hao hao! Nimripoti? Nikinyamaza, ni mhifadhi gani mimi? Juu ya hayo mchumba wangu, mhasibu Dodoma, ameniambia nikichukua kazi ya porini tusitishe mipango ya ndoa, maana mke halali kwenye mahema na wanaume. Naona kila ninayempenda ananidai nimuache fisi.
Binti wa Pawaga

Marahaba mwanangu.

Nadhani ulitaka nianze na mchumba. Nitafika kwake. Lakini kuna chupa ya dawa nyumbani kwenu, na kuna mzoga ambao hukuniambia umeishia wapi, na hayo mawili yananitia hofu kuliko mengine yote uliyoandika.

Sumu iliyopakwa kwenye nyama haimtambui aliyevunja zizi na asiyevunja. Tai mmoja akishuka kwenye mzoga, wengine humwona kutoka mbali wakamfuata, ndiyo maana mzoga mmoja huweza kumaliza kundi zima kwa siku moja. Tai hao wakubwa hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo wakiisha itachukua miaka mingi kabla hawajarudi walivyokuwa. Baada ya tai kuna mbwa wa jirani, kuna kuku, kuna mtoto anayeokota chupa tupu akaenda kuchotea maji. Mpigie mjomba. Muulize mizoga iko wapi, ya mbuzi, ya fisi na ya tai, na chupa iko wapi. Mwambie asivishike vitu hivyo kwa mikono mitupu, asivitupe mtoni wala karibu na lambo, na nyama ya mbuzi wale isiliwe na mtu yeyote.

Ukishayasema hayo utaona kwamba swali lako la kuripoti limeanza kujijibu lenyewe. Mizoga yenye sumu inahitaji bwana mifugo na afisa wanyamapori wa wilaya waje waiteketeze inavyotakiwa, na watu hao hawawezi kuja kimyakimya. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ipo, na kuua mnyamapori bila kibali ni kosa. Sitakuambia kwamba mjomba hataguswa. Ninachokuambia ni kwamba aende mwenyewe, na wewe ukiwa ubavuni mwake, mkapitie kwa mwenyekiti wa kijiji, na kabla ya hapo mtafute mtu wa msaada wa kisheria awaeleze mnaingia kwenye nini. Mwambie mapema, uso kwa uso, kwamba wewe hutanyamaza. Mzee anayeambiwa hivyo na mtoto aliyemlea ataumia, na huenda akakasirika siku kadhaa, lakini hatasema ulimzunguka. Angalia pia utafiti wako. Ukitega kamera zako kwenye eneo lile na fisi wakaonekana wachache, wewe ndiye pekee unayejua sababu. Msimamizi wako wa utafiti lazima naye ajue, la sivyo takwimu zako zitakuwa zimeficha jambo kubwa kuliko yote yaliyotokea huko mwaka huu.

Sasa mbuzi. Naomba usiende kwa mjomba na hotuba ya fedha za utalii. Mbuzi saba walikuwa ada ya mtu, matibabu ya mtu, na kwa upande wako walikuwa shahada yenyewe. Keti naye kwanza umsikilize usiku ule ulivyokuwa. Wanasayansi wetu wazuri walianzia hapo hapo. Mtanzania Bernard Kissui aliwafuata wafugaji wa eneo la Tarangire na nyika ya Wamaasai akaandika mwaka 2008 yale waliyompa: simba wanapendelea ng'ombe na punda, fisi na chui wanachukua zaidi mbuzi, kondoo, ndama na mbwa. Akaona pia kwamba simba ndiye anayelipiziwa kisasi zaidi. Hayo hukuti porini kwa darubini. Huyapati mpaka umekaa chini na mtu aliyepoteza mnyama, akakuamini.

Halafu zungukeni zizi pamoja, wewe na yeye, mchana. Fisi alipitia wapi? Miiba ilikuwa imelegea? Mlango ulikuwa wa matawi tu? Huko Simanjiro wafugaji wamejenga maboma hai: wanapanda miti ya asili ikaota kuwa nguzo, wakazungushia wavu wa chuma, na mifugo inalala salama. Kwenu kabisa, kandokando ya Ruaha, tangu mwaka 2009 umekuwepo mradi wa wanyama walao nyama ulioanzishwa na mtafiti Amy Dickman, ambao sasa uko chini ya shirika la Lion Landscapes. Umesaidia kaya kuimarisha mazizi kwa wavu, na umewapa wanavijiji kamera wazitege wenyewe kwenye ardhi yao. Kila mnyama anayepigwa picha anakiingizia kijiji pointi, na pointi zinageuka kuwa msaada wa shule, zahanati na dawa za mifugo. Fisi aliye hai akawa na kitu anachowaletea watu wa kijiji. Waulize kama zizi la mjomba linaweza kuingia kwenye orodha. Pia afisa wanyamapori wa wilaya aulizwe kuhusu kifuta jasho, yaani fedha ambazo serikali humpa aliyeharibiwa mali na wanyamapori. Fedha yenyewe ni ndogo na mara nyingi huchelewa, sipendi mjomba aitegemee, lakini ni haki yake kuuliza.

Nawe umuulize jambo moja zaidi: mwaka mzima amepoteza mbuzi wangapi kwa magonjwa? Kwa wafugaji wengi magonjwa huua mifugo mingi kuliko meno ya mnyama yeyote. Ila fisi anaua usiku mmoja, kwa kelele na damu, na ndiye anayekumbukwa. Kama unaweza kumsaidia mjomba apate chanjo kwa wakati, utakuwa umemwokolea mbuzi wengi kuliko hao saba.

Bibi naye usimcheke. Amekulia wakati ambapo mtu aliyelala nje alikuwa hatarini kweli, na hata leo, mkoani Simiyu, fisi wameua watoto. Mhifadhi anayewapenda fisi lazima aweze kulitamka hilo bila kigugumizi. Bila shaka bibi anaijua methali isemayo fisi akimla muwele (mgonjwa), mzima funga mlango. Ndani yake kuna hofu ya wazee na kuna dawa yao pia. Hawakusema nenda ukawamalize fisi wote, walisema ufunge mlango. Muombe akusimulie yote anayoyajua juu ya fisi, ya uchawi na yasiyo ya uchawi, nawe uandike. Kisha umsimulie yako.

Maana unayo ya kusimulia, na hapa mwanangu nakuunga mkono kwa moyo wote. Fisi amedhulumiwa sifa. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk aliwafuata usiku kule Serengeti na Ngorongoro, akakuta kwamba sehemu kubwa ya wanachokula wanakiwinda wenyewe. Ndani ya kreta, simba unayemwona asubuhi akila na fisi wamemzunguka, mara nyingi ndiye aliyewapora. Tangu mwaka 1996 watafiti wamekuwa wakiwafuatilia fisi wa Ngorongoro mmoja mmoja kwa madoa yao, kizazi baada ya kizazi, na wanajua nani mama wa nani. Jike ndiye mkubwa na ndiye anayetawala. Mtoto hurithi cheo cha mama yake. Dume kwa kawaida huondoka akaanze chini kabisa kwenye ukoo mwingine. Sura yake inafanana na mbwa, lakini kwa nasaba yuko karibu zaidi na paka na nguchiro. Anasaga mifupa hadi kinyesi chake kinatoka cheupe kwa chokaa, na mizoga iliyokufa kwa maradhi anaiondoa kabla haijaeneza ugonjwa. Kule Harar, Ethiopia, fisi huja usiku pembezoni mwa mji wa kale wakalishwa kwa mkono, na watu hawakimbii. Bibi akiyasikia hayo, hasa lile la jike kutawala, nadhani atanyamaza kidogo akafikiri.

Kuna jambo lingine la kumwambia mjomba, kwa sababu linawahusu mbwa wake. Mwaka 1994 ugonjwa wa homa ya mbwa (distemper, si kichaa cha mbwa) uliingia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba wote wa pale. Virusi hivyo vinaaminika kuwa vilitoka kwa mbwa wa vijijini kandokando ya hifadhi, na baada ya hapo timu zikaanza kuzunguka vijiji zikichanja mbwa. Kwa hiyo zizi, mbwa na mbuzi wa Pawaga ni sehemu ya elimu yako. Usijione kama umegawanyika kati ya nyumbani na porini. Kazi unayoisomea imekaa mpakani hapo hapo ulipozaliwa, na hakuna mgeni wa chuo chochote atakayekuja akiwa na mjomba pale.

Ndiyo maana sikubaliani na sentensi yako ya mwisho. Hujadaiwa na kila mtu umwache fisi. Bibi anaogopa. Mjomba amepoteza mali. Aliyekupa sharti ni mmoja tu, mchumba, na tusimchanganye na wale wawili.

Katika sharti lake nasikia mambo mawili. Huenda anaogopa usidhurike: kambi, wanyama, barabara mbovu, na wanaume wasio na adabu. Hofu hiyo ina msingi na wewe mwenyewe uwe nayo. Kabla hujakubali kwenda kambi yoyote uliza kama utakuwa na hema lako, kama kuna mwanamke mwingine, na ukisumbuliwa utamlalamikia nani. Bosi anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kukujibu. Lakini huenda pia mchumba anaogopa kitu kingine, kwamba akiwa hakuoni hawezi kukuamini. Hiyo haitatibiwa na kazi ya ofisini. Leo ni hema, kesho itakuwa semina Arusha, keshokutwa simu iliyopigwa saa mbili usiku.

Utajuaje ni ipi? Mwalike. Dodoma hadi Iringa ni lami, kupitia Mtera. Apande basi aje Pawaga ukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, akae na mjomba, aone unavyofanya kazi na wanaokuzunguka. Anayeogopa usidhurike atakuja na maswali mengi. Akikataa hata kuja kutazama, utakuwa umejua kabla mahari haijapokelewa. Na chonde, usimwahidi kuacha. Utaitimiza ahadi hiyo mwaka mmoja, labda miwili, kisha kila fisi akilia utamtazama mumeo kwa uchungu, naye hatajua amekosa nini. Mwambie ukweli wa kazi yenyewe: nafasi si nyingi, hifadhi zetu sasa ziko chini ya jeshi la uhifadhi na ukiajiriwa huko utapitia mafunzo ya kijeshi, na unaweza kupangiwa Katavi wakati yeye yuko Dodoma. Aamue akijua.

Kuhusu wewe mwenyewe, jifunze takwimu vizuri, hata kama zinachosha, na kama hujui Kibarabaig, lugha ya wafugaji Wabarabaig, anza kujifunza, kwa sababu majirani wengi wa mjomba hawatakueleza mambo ya ndani kwa lugha nyingine. Peleka kazi yako kwenye kongamano la TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, likifika zamu yake. Mwanafunzi anayetoka Pawaga na habari za Pawaga atasikilizwa.

Mchumba anaweza kusubiri jibu lake hadi mwisho wa wiki. Simu ya mjomba usiilaze.

Shangazi